Chupa za Mashahidi

Nimetoka kumzika mtu niliyemwonea wivu kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa sijui nimwonee nani. Watoto wangu wananiambia, baba, hayo si maneno ya kusema msibani. Nawajibu kwamba msibani sikuyasema, nayaandika hapa nyumbani kwangu Mkolani, kwenye meza niliyoinunua kwa jasho langu. Msibani nilikaa kimya kama watu wengine. Nilikula wali, nikamshika mkono mjane, Consolata, nikasikiliza wasifu wa marehemu Kaijage ukisomwa na mwanawe kwenye kipaza sauti: shule alizosoma, nchi alizofika, watu aliowafundisha kazi. Alipofika kwenye mwaka ule wa kituo cha chanjo alisoma sentensi moja tu, kwamba marehemu aliwahi kubeba kosa lisilo lake bila kumtaja mwenye kosa. Watu wakaguna kwa heshima. Mama mmoja mbele yangu akasema, "Watu wa namna hiyo hawazaliwi tena." Na mimi, na umri huu, na magoti haya yanayouma, nikasikia ule moto wa zamani unanipanda kifuani. Yuko ndani ya jeneza na bado ananishinda. Basi mwaka ule nitausema mimi, wote, kwa sababu mwenye kosa ni mimi na hakuna anayelijua kosa lile kuliko ninavyolijua.

Habari za baba na mama na ukoo wetu nitaziacha, hazikunisaidia kitu katika jambo hili. Ijulikane tu kwamba niliacha shule darasa la nne, na kwamba nilijua ng'ombe kuliko nilivyojua herufi, na ndiyo sababu nikaajiriwa. Kituo kilikuwa kando ya ziwa, kusini mwa mji, nyuma ya yale mawe makubwa. Siku hizi hakipo na jina lake halina maana kulitaja. Kazi yake ilikuwa chanjo ya sotoka. Vijana wa leo hawaijui sotoka, na heri yao, imekwisha duniani. Sisi tuliijua. Ilikuwa ikiingia kwenye zizi, ng'ombe wanatokwa machozi, wanaharisha, midomo inachubuka, na baada ya siku chache mtu aliyekuwa tajiri anabaki na fimbo yake mkononi.

Chanjo ilitengenezwa hivi, kwa kadiri nilivyoelewa. Ndama mzima anachinjwa, figo zake zinakatwakatwa na kulainishwa kwa dawa mpaka zinakuwa kama uji, kisha uji ule unatiwa kwenye chupa bapa zenye maji mekundu, ndiyo chakula chake. Humo figo zinaendelea kuishi. Ndama ameshaliwa na wafanyakazi, mifupa imeshatupwa, figo zinaishi! Wao waliziita seli. Halafu wanapanda humo kirusi cha sotoka kilichopunguzwa makali, kinazaliana, na hicho ndicho chanjo. Hatari yake ni kwamba ndama anaweza kuwa na ugonjwa mwingine umejificha ndani ya figo, au uchafu ukaingia wakati wa kazi, na wewe ukaenda kuwachoma ng'ombe wa wilaya nzima. Unakuwa umegawa ugonjwa kwa sindano. Kwa hiyo kila walipotengeneza, walitenga chupa nane za figo zile zile bila kupanda kirusi chochote, wakazikalisha kwenye kabati la joto siku kumi na nne, wakizitazama kila asubuhi. Hizo tuliziita chupa za mashahidi. Zikikaa safi, figo ilikuwa safi. Zikichafuka, chanjo yote iliyotoka kwenye figo hiyo inamwagwa, hata kama yenyewe inang'aa kama maji ya mvua.

Upande wangu ulikuwa wa wanyama. Chanjo ile ile ilichomwa kwa panya weupe, kwa simbilisi, vile vijinyama visivyo na mkia vinavyolia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na kwa ndama. Mimi niliwalisha, niliwasafisha, na kila asubuhi nilimwekea kila ndama kipimajoto nyuma na kuandika namba ubaoni. Aliyeitengeneza chanjo hakuruhusiwa kuipima kwa wanyama. Daktari, mkuu wa kituo, alikuwa akisema kwamba mpishi akionja chakula chake mwenyewe atasema kimeiva. Nililipenda neno hilo. Nilijiona hakimu. Ila hakimu gani asiyeruhusiwa kuingia jikoni? Mlango wa chumba cha seli ulikuwa na kibao: anayetoka kwa wanyama haingii. Nilikisoma kibao kile polepole, siku ya kwanza, herufi kwa herufi, na nikaona kimeandikwa kwa ajili yangu. Ndama niliyemlea kwa mkono, nikamnywesha maziwa kwa vidole, figo zake ziliingia mle ndani. Mimi sikuingia.

Aliyeingia ni Kaijage. Alitoka ng'ambo ya ziwa, Kagera, Mlutheri wa nyumba ya walimu, kijana wa rika langu, mwembamba, vidole virefu kama vya mtu anayepiga kinanda. Vyumba vyetu viligawanywa kwa mbao nyembamba, na nilimsikia kila alichofanya. Nilimsikia akisoma Kiingereza kwa sauti, akirudia neno moja mara tano. Nilimsikia akisali. Nilimsikia akifungua vifurushi alivyoletewa na meli kutoka kwao, senene, wale panzi wa kwao, waliokaangwa, na kahawa ya kutafuna, na kabla sijamaliza kumchukia anagonga mbao: "Maduhu, njoo ule senene." Nilikwenda. Nilikula. Nilirudi chumbani nimeshiba na nina hasira zaidi, maana mtu mwenye roho mbaya ungemchukia ukapumzika. Huyu hakunipa nafasi hata hiyo.

Mchana tulikula pamoja kwenye kibanda cha mabati nyuma ya chumba cha kuoshea chupa. Chumba kile kilikuwa cha Consolata, Mkerewe, aliyekuwa akichemsha chupa kwenye pipa kubwa tangu asubuhi, uso unang'aa kwa mvuke. Alikuwa na ulimi. Alipika ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, kwa sato, au dagaa siku mbaya, na wakati wa kula aliuliza maswali kama mwalimu mkuu.

"Mtaalamu, leo umeona nini huko ndani?"

"Zimejitandaza," Kaijage alisema. "Jana zilikuwa zimejikunja kila moja peke yake. Leo zimeshikana chupa nzima, hakuna nafasi."

"Yaani zinatafutana?"

"Zinatafutana. Zikigusana zinatulia."

Consolata akaacha kutafuna. Kisha akanigeukia. "Na wewe Maduhu, umeona nini?"

"Mavi," nikasema. "Mavi ya ndama kumi na wawili."

Alicheka mpaka akaweka tonge chini. Nami nilifurahi, kwa muda ule ule wa kicheko chake, si zaidi. Kilipokwisha nikaelewa. Mimi alinicheka, yeye alimsikiliza. Niliwahi kumwuliza Kaijage kuhusu kibao kile. Akanijibu vizuri, kama kawaida yake. "Si dharau, ndugu yangu. Ni nguo zako, nywele zako, hata pumzi. Wanyama wana vijidudu vyao. Hata Daktari akipita bandani haingii humu mpaka kesho yake, ameoga na kubadili." Lakini wiki ile ile alikuja mkubwa mmoja wa serikali, na viatu vyake, na kitambi chake, akavishwa koti jeupe na kuingizwa kutazama kwenye hadubini. Nilikuwa nimeshika ndoo. Alitoka akitikisa kichwa, akasema, "Ajabu, ajabu kabisa." Ajabu ya ndama wangu, na mimi sijaiona.

Mwaka ule sotoka ilikuwa imerudi, na wafugaji walikuwa wanakuja mpaka getini, wanasimama na fimbo zao, wanaulizia chanjo. Nami nilikuwa nikiwajibu kwa Kisukuma kwamba subirini, bado tunaipima. Chanjo iliyosubiriwa ilikuwa ya Kaijage, ya kwanza kuitengeneza peke yake tangu figo hadi mwisho. Daktari alisema mbele yetu wote kwamba ikipita vipimo, Kaijage atapelekwa Ulaya kusoma. Consolata alipiga kigelegele. Panya walikuwa wazima, simbilisi wazima, ndama wangu hakuna hata mmoja aliyepanda joto. Kila asubuhi niliandika namba nzuri ubaoni, na kila namba nzuri niliyoiandika ilikuwa inampandisha mtu meli. Sikuzibadili. Naomba hilo liandikwe. Namba zangu zilikuwa za kweli.

Zilibaki siku tano mashahidi wamalize siku zao. Jumapili Kaijage alikwenda ibada mjini, na kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatika hovyo aliniachia ufunguo. "Ukikatika, washa jiko la mafuta kwenye ujia, lile joto lifike kwenye kabati. Mlango wa ndani usiuguse." Ufunguo ulikuwa mmoja, ulifungua milango yote miwili, wa ujia na wa ndani. Consolata alikuwa kanisani. Daktari alikuwa kwake. Umeme haukukatika. Nilikaa kwenye ujia nikitazama kile kibao karibu saa nzima, kisha nikaenda kunawa. Mjue kwamba mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani madukani, na mimi nilikuwa nimeficha kipande. Nilikitumia chote. Nikanawa mpaka viwiko, nikajisemea, haya, sasa mimi na mkubwa yule nani msafi? Nikavaa koti la Kaijage, likanibana mabegani, nikaingia.

Nilitoa chupa ya kwanza ya shahidi, nikaiweka chini ya hadubini kama nilivyodhani inawekwa, nikainamisha jicho. Giza. Nikazungusha kitu kimoja, nikaona kope zangu. Nikazungusha kingine, nikaona mwanga mtupu. Nilijaribu mpaka jasho likanitoka. Mtu anayejua kumtazama ng'ombe kwa mbali akakuambia ana mimba ya miezi mingapi, nimekaa mbele ya chupa sioni kitu! Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo Kaijage asingelifanya hata angelewa. Kwetu maziwa kwenye kibuyu hayatazamwi, yananuswa. Mama anafungua, ananusa, anajua kama yamegeuka. Nikafungua chupa. Nikainusa. Haikuwa na harufu mbaya. Ili nilinganishe, nikafungua ya pili, na ya tatu, mpaka ya nane. Moja nikaitia shaka, nikachovya ncha ya kidole nikalamba: chumvi kidogo, utamu kidogo. Nikazifunga zote vizuri, nikazirudisha kwa mpangilio wake, nikatoka nimejaa furaha. Nilikuwa nimewahoji mashahidi wote nane kwa njia yetu na nimewakuta wazima. Kaijage aliporudi nikampa ufunguo, akasema, "Asante, ndugu yangu," nikamjibu, "Hakuna shida."

Jumanne asubuhi nilimwona amesimama nje ya ua wa ndama. Hakuingia, wala asingeingia, hata siku ile. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Maduhu. Jumapili uliingia chumba cha ndani?"

"Niingie nifanye nini?"

"Mashahidi wamegeuka. Maji mekundu yamekuwa manjano, yana ukungu. Wote nane."

"Labda ndama alikuwa na ugonjwa."

Alinitazama. Ndama yule nilimlea mimi, na yeye alijua namlea vipi. "Hukuingia?"

"Sikuingia."

"Sawa," akasema, akaondoka. Aliniamini, au aliamua kuniamini. Tofauti yake siijui mpaka leo, na sasa hakuna wa kumwuliza.

Daktari alituita wote. Alisema chanjo yote itamwagwa, na wafugaji wa getini waambiwe itachukua miezi, kwa sababu lazima kuanza na figo nyingine. Akauliza nani alikuwa na ufunguo. Nilikuwa natazama kucha zangu. Kaijage akasimama. "Mlango ni wangu, Daktari, na ufunguo ni wangu. Kosa ni langu." Hakusema kwamba aliniachia mimi. Daktari akasema basi safari ya Ulaya haipo, na tukatawanyika.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipojifahamu. Nilitegemea kufurahi. Nilikuwa nimemwangusha mtu niliyetaka aanguke, tena bila kupanga. Lakini kuanguka kwake kukageuka kuwa kupanda. Dereva wa kituo aliyekuwa hamwamkii akaanza kumwamkia. Consolata akampelekea sato mzima chumbani, na kupitia mbao nikamsikia akimwambia, "Kula, mtaalamu. Mwanaume anayesema kosa ni langu sijawahi kumwona kwa macho." Mimi nilikuwa upande wa pili na matobolwa yangu ya juzi, viazi vikavu vya kuchemsha. Siku ya sita, nikipita dirishani kwa Daktari na ubao wa namba, nikamsikia anamwambia mgeni wake, "Wenye akili ninao wengi hapa. Muungwana ninaye mmoja, na ndiye niliyemnyima safari." Nilisimama pale. Kosa lile lilikuwa langu. Nililitenda kwa mikono yangu, kwa sabuni yangu, kwa ulimi wangu. Na mtu mwingine ndiye anayekula sifa zake!

Nikaingia bila kubisha.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyefungua chupa. Zote nane. Nilizinusa."

Daktari akavua miwani. "Ulizifanya nini?"

"Nilizinusa, kama maziwa. Moja nikailamba."

Mgeni wake akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari hakucheka. "Na kwa nini unaniambia leo? Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema dhamiri imenisumbua. Watu wengi husema hivyo. Mimi nikasema, "Kwa sababu mnamsifu."

Akavaa tena miwani yake. Mimi nikaona nimsaidie. "Basi Daktari, kama ni pumzi yangu iliyowachafua, figo ilikuwa nzima. Chanjo ni nzima. Watu wako getini. Itoeni."

"Inawezekana ni nzima," akasema. "Lakini mashahidi wameharibika, na kilichobaki mahali pao ni neno lako. Wiki iliyopita niliuliza mbele yako, ukamwacha mwenzako aseme kosa ni lake. Leo unasema uliingia. Nimchome ng'ombe wa mtu kwa kuamini kwamba leo ndiyo siku yako ya kusema kweli?"

Nimetukanwa sana maishani, minadani, na matajiri walionidharau kabla sijawapita. Hakuna tusi lililonikaa kama lile, kwa sababu halikuwa tusi. Sijui ng'ombe wangapi walikufa katika miezi ile ya kusubiri chanjo nyingine. Nilikuwa nalala na swali hilo nilipoanza biashara ya ng'ombe, kila nilipoona zizi tupu, na sikulijibu kwa kujenga nyumba wala kwa kununua malori. Daktari alinifukuza kazi siku ile ile. Kufukuzwa kule ndiko kulikonitengeneza, maana nilitoka nikiwa na kiburi na sina kitu kingine. Kaijage alirudishiwa safari yake mwaka uliofuata, na aliporudi alimwoa Consolata. Nilihudhuria harusi. Nilitoa dume la ng'ombe kubwa kuliko zawadi zote, ili watu waulize ni la nani.

Lakini siku ile ya kufukuzwa, nikiwa nafunga nguo zangu kwenye shuka, Kaijage alisimama mlangoni kwangu. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona na hasira, na zilimkaa vibaya, kama koti lake lilivyonikaa mimi.

"Ulinidanganya nikikutazama machoni."

"Ndiyo."

"Nilishalibeba. Nani alikutuma ukaliseme?"

"Lilikuwa langu. Tafuta lako."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi, tungekuwa sawa. Akasema, "Uliingia ili uone nini?"

"Nione unachokiona wewe."

"Ukaona?"

"Sikuona kitu. Kope zangu."

Kisha akasema, "Njoo," akatangulia. Tulikwenda mpaka chumba cha Consolata. Chupa za chanjo iliyohukumiwa zilikuwa zimepangwa mezani zikisubiri kuchemshwa, hazikuwa na siri tena wala usafi wa kulindwa. Akaleta hadubini kuukuu akaiweka dirishani penye mwanga, akatwaa chupa moja, akailaza, akazungusha vile vitufe taratibu kwa vidole vyake virefu. "Hizi huwezi kuzidhuru tena," akasema. "Usiguse kitu. Jicho la pili usilifumbe, liache wazi."

Nikainama. Kwanza mwanga, kisha zikaja. Zilikuwa zimetandaa mpaka mwisho wa macho kama tope la mbuga likikauka baada ya mvua, kipande na kipande, kila kimoja kimemshika mwenzake, na ndani ya kila kimoja kitone kama kiini. Mahali pengine kirusi kilikuwa kimezila, pamebaki matundu, na kando ya tundu wengine wamenyoosha vijikono vyembamba kuelekea upande ambao mwenzao alikuwepo. Ndama wangu. Nilimjua.

"Haya, ameshaona," Consolata akasema nyuma yetu, mfuniko wa pipa mkononi. "Nipeni chupa zangu, maji yanachemka."

Nilikuwa nimedhani siku nikiona, wivu utakwisha. Kumbe siku zote nilimwonea wivu kwa kitu nisichokijua, na tangu dakika ile nikawa nakijua. Nilisogea kumpisha Kaijage achukue chupa. Hakuichukua. Aliinama akaweka jicho pale pale nilipoweka langu, akaanza kuzungusha kidogo kidogo, midomo imefunguka, na akasahau kabisa kwamba nimesimama pembeni yake na furushi langu, nasubiri aniage.